Taka za nyumbani zaweza kukupikia chakula

JIONI, jua linapotua nyuma ya milima ya Taita, moshi wa aina mbili hupanda katika mitaa ya Voi. Wa kwanza hutoka jikoni. Wa pili hutoka nyuma ya nyumba, ambako karatasi, maganda ya ndizi, majani ya sukuma wiki na chupa za plastiki hurundikwa pamoja na kutiwa kiberiti. Mama anayekohoa kwa moshi wa jikoni ndiye huyo huyo anayekimbia kufunga dirisha ili ule wa nje usimfikie mtoto aliyelala.

Ajabu ni kwamba sehemu ya uchafu unaochomwa nje ingeweza kupika chakula kinachopikwa ndani.

Moshi wa jikoni si wa kufanyiwa mzaha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Chembechembe za moshi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Watoto hupata kichomi. Watu wazima hupata maradhi ya mapafu yasiyopona, ya moyo, na hata mtoto wa jicho. Moshi wa plastiki ndio mbaya zaidi, kwani una sumu zinazoweza kuleta saratani. Kwa hivyo plastiki isiingie jikoni, hata kwa kuwashia makaa kama wengi wetu tulivyozoea.

Pa kuanzia ni kwenye gunia la makaa. Kila anayenunua makaa anazijua chenga zinazobaki chini, ambazo humwagwa mtaroni. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, watu huzikusanya, wakazichanganya na udongo au karatasi kuukuu zilizolowekwa, wakafinyanga madonge. Mtafiti Mary Njenga na wenzake walipima madonge yenye sehemu 4 za chenga na 1 ya udongo. Kupikia jamaa ya watu 5 mahindi na maharagwe kuligharimu shilingi 3, wakati makaa ya kawaida yalihitaji shilingi 26 na mafuta ya taa shilingi 45. Bei za siku hizo zimepita, lakini tofauti ndiyo ya kutazamwa. Tena madonge hayo yalitoa gesi ya sumu ya kaboni monoksidi na chembe za moshi kwa kiasi kidogo mno kuliko makaa.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo. Chekecha chenga, changanya na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo mpaka zishikane, finyanga kwa mkono au kwa mkebe, kisha anika. Jua la Voi, ambalo kila siku tunalilalamikia, litafanya yaliyobaki kwa siku chache. Donge lisilokauka vyema litakutoa machozi.

Na maganda je? Hapa kuna wauzaji wa mitambo wanaoahidi makubwa. Ni kweli kwamba taka zinazooza, zikifungiwa ndani ya tangi lisiloingia hewa, hutoa gesi inayowaka bila moshi. Lakini maganda ya jamaa moja hayatoshi kupika chakula cha siku nzima. Yanafaa kuongezea samadi. Ndiyo maana gesi hii inawafaa zaidi watu wa Wundanyi na vilima vingine, wanaofuga ng'ombe wa maziwa zizini. Ng'ombe 2 au 3 wanatosha kuanza, na tope linalotoka ni mbolea nzuri ya shamba. Si jambo geni nchini: mtambo wa kwanza ulijengwa katika shamba la kahawa mwaka wa 1957. Shida ya huku chini ni maji, kwani samadi huchanganywa na maji kiasi sawa, na anayenunua maji kwa mtungi hawezi kuyamwaga tangini.

Njia yoyote utakayochagua, taka zitenganishwe kwanza. Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu taka inadai hivyo, ingawa ni nyumba chache zenye mapipa mawili. Ndoo kuukuu inatosha kwa vinavyooza.

Onyo moja kwa walio milimani, hasa baridi ya Julai inapouma: donge la chenga, hata likiwaka bila moshi, bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyoonekana wala kunukia. Liwashe nje, pika mlango na dirisha vikiwa wazi, na usilale na jiko chumbani. Ukisikia kichwa kinauma na kichefuchefu huku jiko likiwaka, toka nje mara moja na uwatoe watoto, kisha nendeni hospitali.