Kijana Aliyelikimbia Duka

Barua ya posa iliyofika Mombasa kwa shemeji yangu ilikuwa na hati nzuri, na bahasha yake ikinukia udi. Lakini katikati palikuwa na maneno yaliyomfanya shemeji avue miwani: "Mimi nakimbia duka Ruiru tangu mwaka 2019." Kwetu sisi, mtu alikimbiaye duka ana madeni au ana jambo kubwa zaidi. Wazee wakasema barua irudishwe. Dada yangu akanijia usiku: "Kaka, wewe ndiwe mwenye kusoma. Nenda ukamtazame."

Nikaenda. Duka nikalikuta limejaa unga, sabuni na misumari, na mwenyewe yupo nyuma ya meza, ametulia. Hakukimbia popote! Kasomeshwa kwa Kiingereza, akafikiri kwa Kiingereza, kisha neno "run" akalitafutia mwenzake katika kamusi ya simu, akachukua la kwanza aliloliona.

Simlaumu sana, ndugu msomaji. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wahariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford wamefikia maana 645 za kitenzi hicho kimoja. Siku ile nilipanda matatu kwenda Thika kuwaona wazee wake, na njiani nikawa nazihesabu chache. Barabara itokayo Ruiru hata Thika, kwa Mwingereza "yakimbia". Matatu nayo yakimbia hata ikiwa imekwama kwenye foleni, maadamu ndiyo njia yake ya kila siku. Mtoto mwenye mafua, pua yake yakimbia. Kwetu ni makamasi yanayomtoka. Kanga ikichuja rangi, rangi imekimbia. Mwenye kuwania kiti Marekani hukimbia, na wa Uingereza husimama! Sisi Wakenya, tukiandika Kiingereza, twapenda neno la tatu, "vie".

Kiswahili hakitaki mchezo huo. Chetu hukitia kitenzi mkia, na mkia ukageuza mambo: kukimbilia ni kutafuta hifadhi, kukimbiza ni kufukuza, na mkimbizi twamjua. Ama kukimbia kitu, bila mkia wowote, ni kukiepa. Herufi chache tu, na binti wa watu karibu akose mume.

Thika nilisimama kidogo karibu na Blue Posts, ile hoteli ya tangu 1908, nikiyatazama maporomoko ya Chania. Mto pia "hukimbia" kwa Kiingereza. Chania huingia mto Thika, Thika ukaingia Tana, na Tana humwaga maji yake baharini Kipini. Mto Ruiru huenda upande mwingine, kwenye Athi, ambao ukifika kwetu waitwa Sabaki, ukatokea kaskazini ya Malindi. Basi maji ya miji hii yote miwili yaja Pwani, wala hayamkimbii mtu.

Wazee wa Thika walinikaribisha chai, wakacheka hata mmoja akapaliwa. Kijana akaitwa, akaandika upya mbele yangu: "Naendesha duka langu Ruiru." Nilimwambia "nina duka" ingetosha, ila yeye akalipenda hilo la kuendesha, nikamwachia.

Barua niliibeba mwenyewe. Shemeji aliisoma mara mbili, akavaa tena miwani, akauliza habari za mahari.