Gambuti zinapogeuka fasheni, nani hufaidika?

WAKAZI wa Kaplong, mahali ambapo barabara ya Kericho kuelekea Kisii inakutana na ile inayotoka Narok na Bomet, wamezoea vitu viwili visivyo na jina kubwa: gambuti za wachuma chai, na ule mfuko mpana wa mistari ya mraba ambamo msafiri hufungasha nguo kabla ya kuabiri matatu. Hakuna aviitaye fasheni. Gambuti huzuia umande na utelezi. Mfuko hubeba mengi kwa bei nafuu.

Hata hivyo, vitu vya aina hiyo vimekwisha kupanda majukwaa ya mitindo ya Ulaya. Louis Vuitton ya Ufaransa ilionyesha mikoba ya mistari kama hiyo katika mitindo yake ya 2007. Mnamo 2017, Balenciaga iliuza kwa dola 2,145 mkoba wa ngozi wa buluu uliofanana mno na mfuko wa duka la IKEA uliogharimu senti 99. Mwaka 2020 Bottega Veneta ya Italia ilitoa viatu vya mpira vilivyokaribiana na gambuti, na mwaka 2022 Balenciaga ikaleta mkoba wa ngozi ulioshonwa mithili ya mfuko wa taka, kwa dola 1,790. Fedha hizo zilizidi Sh200,000 wakati huo, kiasi ambacho mkulima wa Bomet angenunulia ng'ombe mzuri wa gredi.

Maoni kuhusu vioja hivi yamegawanyika. Wakosoaji husema ni dhihaka kwa maskini: mchuma chai huvaa gambuti kwa kuwa hana budi, ilhali tajiri azivaaye karamuni anaigiza tu. Watetezi hujibu kwamba kazi ya mbunifu ni kukitazama kitu cha kawaida kwa jicho jipya, na kwamba hakuna mnunuzi aliyelazimishwa.

Wako pia wanaouliza swali zito zaidi: fedha huishia mikononi mwa nani? Kuanzia mwaka 2010, mbunifu Mwingereza Vivienne Westwood, aliyefariki 2022, alishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Biashara (ITC) kutengenezesha mikoba jijini Nairobi, ikiwemo ile iliyoshonwa kwa turubai na mabango yaliyokwisha kutumika. Ilikuwa mikoba ya ajabu machoni pa wengi, lakini walioishona walilipwa ujira.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili. Gambuti na mfuko wa mistari ni bidhaa za viwandani. Hakuna jamii inayoweza kudai kuwa ni urithi wake. Mambo hubadilika pale mbunifu anapochukua alama ya jamii fulani. Louis Vuitton ilipotumia mitindo ya shuka za Kimaasai katika mavazi yake ya kiume ya mwaka 2012, mjadala haukuwa tena juu ya kioja, bali haki. Vivyo hivyo, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba mwaka 2006 kusajili neno "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara, watetezi wa wafumaji wa Kenya waliweka pingamizi, na ombi hilo likaachwa mwaka 2008.

Kenya ilipitisha mwaka 2016 Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni. Kwa mujibu wake, anayetaka kutumia urithi wa jamii kibiashara hana budi kupata kwanza idhini ya jamii hiyo, na serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuusajili urithi huo.

Jambo hili linawagusa Wakipsigis moja kwa moja. Sotet, kibuyu cha mursik kinachorembwa kwa shanga na simbi, kina umbo na nakshi ambazo mbunifu yeyote wa mikoba angezitamani. Sheria iko, lakini ni shida kutetea nakshi ambayo haikuandikwa popote wala wenyewe hawakutajwa. Kaunti za Bomet na Kericho zina kila sababu ya kuwaketisha wazee na mafundi wa shanga mapema, daftari likiwa mezani. Siku sotet itakapoonekana jukwaani Paris, kicheko hakitakuwa na maana. Litakalohitajika ni ushahidi.