Kinasa Sauti cha Dijitali na Ufundishaji wa Muziki wa Jadi mjini Goma

Makala haya yananuia kueleza jinsi kinasa sauti cha dijitali kinavyoweza kumfaa mwalimu wa muziki mjini Goma, na jinsi kinavyoweza kumpotosha.

Haja ya chombo hicho hudhihirika tukiutazama utendi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa Walikale, magharibi mwa Goma. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliupokea kwa fanani She-Karisi Rureke. Mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakauchapisha. Fanani wa utendi huu husimulia, huimba na kucheza, huku wapigaji wa vijiti na waitikiaji wakimfuata. Kitabu kimehifadhi maneno, lakini mahadhi na mapigo hayasikiki. Anayekisoma ameupata utendi nusu.

Kinasa sauti cha dijitali hufanyaje kazi? Maikrofoni hugeuza mitetemo ya hewa kuwa umeme, kisha chombo huupima umeme huo na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Katika kiwango cha CD, vipimo ni 44,100 kwa sekunde. Sababu ni kwamba sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takribani 20,000 kwa sekunde, na vipimo sharti vizidi maradufu ya idadi hiyo. Aidha, kwa kuwa kinachohifadhiwa ni tarakimu, nakala ya mia hulingana na ya kwanza, ilhali kanda ya kaseti hufifia kila inaponakiliwa. Hivyo hata nyimbo za Wanande alizozirekodi Hugh Tracey mwaka 1952, ambazo huhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, zaweza kufundishwa Kivu bila kanda asilia kuondoka huko.

Darasani faida ni tatu. Kwanza, mwanafunzi hujisikia kama wengine wanavyomsikia. Pili, mwendo wa wimbo waweza kupunguzwa bila sauti kuwa nzito, hata vidole vya mpigaji likembe vikafuatika. Tatu, kila ala ikirekodiwa peke yake, mwalimu huweza kuinyamazisha moja ili mwanafunzi aijaze nafasi yake.

Hata hivyo, programu nyingi za kurekodi zimeundwa kwa kufuata ngazi ya piano, yenye hatua 12 zilizo sawa katika oktavo. Likembe hulinganishwa kwa sikio la mpigaji, na hatua zake aghalabu haziangukii hapo. Programu ya kusahihisha sauti huzihesabu tofauti hizo kuwa makosa, ikazinyoosha. Mwanafunzi aliyelelewa na programu hiyo ataamini kwamba babu yake hakujua kuimba. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuuzima usahihishaji huo, na kuifanya ala ya mzee kuwa kipimo.

Jambo hili si la anasa. Kwa miaka mingi Goma imewapokea watu waliofurushwa na vita vya Masisi, Rutshuru na Walikale. Januari 2025 mji wenyewe ukatekwa na M23. Vita humtenga mwanafunzi na mzee aliyekuwa akimfundisha. Dakika moja ya sauti katika kiwango cha CD huchukua takribani megabaiti 10 tu. Basi kila wimbo unaorekodiwa darasani na uwekwe mahali pasipopungua pawili, ukiwa na jina la mwimbaji, lugha na kijiji, na ubaki kama ulivyoimbwa.