Lithiamu Ilifikaje Kwenye Udongo wa Mfinyanzi?

Betri ya simu yako ina lithiamu. Hilo wengi wanalijua. Wachache huuliza lithiamu hiyo ilifikaje kwenye mwamba inakochimbwa. Mimi ni fundi wa maabara ya jiokemia, na swali hilo ndilo kazi yangu: nayeyusha mawe na kupima atomi zake.

Kwa mwamba mgumu jibu ni jepesi. Kule Manono, Kongo, lithiamu imo ndani ya spodumeni, madini yaliyoganda magma ilipopoa chini ya ardhi. Miamba ya mashapo ina habari nyingine. Lithiamu huyeyuka majini kirahisi, kwa hiyo ile unayoikuta kwenye udongo wa mfinyanzi huenda imetoka mbali.

Chukua Thacker Pass, kaskazini mwa Nevada, Marekani. Miaka milioni 16 na ushei iliyopita, volkano ya McDermitt ililipuka, ardhi ikadidimia, pakawa na kaldera. Maji yakajaa ikawa ziwa, na majivu na matope yakatanda chini yake. Sasa matope hayo ni mfinyanzi wa aina mbili: juu smektaiti, chini ilaiti, ambayo lithiamu yake hufika asilimia 1.3 hadi 2.4. Je, ni maji ya ziwa yaliyoitoa lithiamu kwenye majivu, au maji moto yaliyopanda kutoka chini? Mwaka 2023 mwanajiolojia Thomas Benson na wenzake walitoa hoja kwamba ilaiti hiyo ilitokana na maji moto yaliyoibadili smektaiti na kuiongezea lithiamu. Mjadala bado ni mkali.

Isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, husaidia kuuamua. Katika kila atomi 100 za lithiamu, kama 92 ni lithiamu-7 na zilizobaki ni lithiamu-6, iliyopungukiwa nyutroni moja. Mfinyanzi unapojijenga hupendelea ile nyepesi, na nzito hubaki majini. Ndiyo maana kwenye kipimo chetu cha sehemu kwa elfu, kinachoonyesha jinsi uwiano wa lithiamu-7 kwa lithiamu-6 unavyozidi ule wa lithiamu ya kulinganishia, miamba ya juu ya mabara iko karibu na 0, mito kwa wastani 23, na bahari 31. Jambo la pili ni joto: kadiri maji yanavyokuwa moto, ndivyo upendeleo huo unavyopungua. Mfinyanzi wa ziwa baridi hutofautiana sana na maji yake. Wa maji moto huyakaribia.

Kupata namba hiyo kunataka subira. Nasaga jiwe liwe unga, naweka chembe chache kwenye kikombe cha Tefloni, namimina asidi ya hidrofloriki na ya nitriki. Ya kwanza hupenya ngozi na huweza kudhuru hadi mfupa kabla hujasikia maumivu, basi glavu hazivuliwi. Kisha myeyusho hupita kwenye mrija wenye resini ili lithiamu iachane na sodiamu. Humo lithiamu-7 hutangulia kutoka na lithiamu-6 huchelewa. Ukipoteza matone ya mwisho, lithiamu ya jiwe itaonekana nzito kuliko ilivyo. Kwa hiyo tunakinga pia matone ya kabla na ya baada, na kuyapima ili kuhakikisha hakuna lithiamu iliyotoroka. Ndipo sampuli huingia kwenye spektrometa, ikipimwa kwa zamu na lithiamu ya kulinganishia.

Hata hivyo namba moja haitoshi, kwa sababu chanzo na joto vyote viwili huibadilisha. Lazima isomwe pamoja na aina ya madini, mpangilio wa tabaka na kiasi cha lithiamu kwenye majivu yenyewe. Jibu lake lina faida kubwa: kama lithiamu ilitoka ziwani, inatafutwa katika bonde zima, kama ililetwa na maji moto, inatafutwa karibu na nyufa yalimopandia. Ardhi ina wenyewe, na kila shimo linalochimbwa bure ni hasara kwao. Anayetaka kuchimba mfinyanzi aanze kwa kujua lithiamu yake ilitoka wapi.