Je, Wajua? Nyota Moja Hubeba Maelfu ya Anwani

Ukifungua blogu WordPress.com, anwani yenye jina lako mbele ya wordpress.com huwa tayari papo hapo. Hakuna fundi anayeketi kusajili kila jina. Katika DNS, mfumo wa majina ya intaneti, alama ya nyota (*) huwekwa mbele ya jina kuu, kanuni iliyomo katika waraka RFC 1034 wa mwaka 1987. Jina lolote lisiloorodheshwa hupelekwa kwenye seva ileile. Seva nayo husoma Host, sehemu ya ombi iliyo ya lazima tangu HTTP/1.1, toleo la itifaki ya wavuti, ikajua ni ukurasa wa nani. Cheti cha usalama cha tovuti nacho huweza kuwa na nyota, kama *.mfano.com, lakini hulinda ngazi moja tu: duka.mfano.com ndiyo, picha.duka.mfano.com hapana. Wajenzi wa tovuti mnaowaachia watumiaji wajichagulie anwani, yahifadhini mapema majina kama “admin” na “mail”, matapeli wasije wakayachukua.