Kuvika kibanda cha kuvulia juu ya barafu kwa gharama nafuu

Kibanda cha kuvulia juu ya barafu ni chumba kidogo kinachovutwa hadi katikati ya ziwa lililoganda na kuwekwa juu ya matobo yaliyochimbwa kwa keekee. Ndani yake wavuvi huketi kando ya jiko la gesi wakisubiri samaki aguse ndoana. Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, vibanda hivi husimama kwa maelfu kila majira ya baridi kwenye maziwa kama Mille Lacs, Upper Red Lake na Lake of the Woods, na samaki anayewindwa zaidi ni walleye. Wavuvi wengi hujijengea wenyewe. Fremu, sakafu na paa havina mjadala mrefu. Kinachowafanya wakune vichwa dukani ni kitu cha kuvika kuta kwa nje.

Ukuta huo hubeba mateso ambayo ukuta wa nyumba haujui. Huvutwa barabarani kwa kasi ya gari, kisha hutikiswa juu ya matuta ya barafu. Nyuzi 30 chini ya sifuri si habari ya kushangaza huko. Rekodi ya jimbo ni nyuzi 51 chini ya sifuri, iliyopimwa karibu na mji wa Tower tarehe 2 Februari 1996. Upande wa pili wa ukuta huohuo, jiko linawaka na watu wamevua makoti. Chini kuna maji, tope la theluji na barafu inayonata kwenye kila kinachoigusa.

Anayetafuta unafuu hutazama kwanza bei ya karatasi moja, na hapo ndipo wengi hupotea. Uzito nao ni gharama. Chukua kibanda cha mita 2.4 kwa 3: mzunguko wake unahitaji karatasi tisa za futi 4 kwa 8 zikisimamishwa wima. Kwa plaiwudi ya milimita 16, karatasi hizo zina kilo 230 na ushee. Plaiwudi ya milimita 9.5 hufika kama kilo 145. Mabati membamba yaliyopakwa rangi kiwandani huwa na takriban kilo 85, na alumini ya milimita 0.6 haifiki 50. Tofauti ya kilo 150 au zaidi huamua kama kibanda kitavutwa na pikipiki ya theluji mapema katika msimu au kitasubiri gari. Barafu mpya, ngumu na angavu ya sentimita 10 hutosha mtu anayetembea, lakini pikapu huhitaji sentimita 30 na zaidi. Kwa hiyo ukuta mzito unaweza kumlia mwenyewe wiki kadhaa za uvuvi.

Plaiwudi ndiyo kimbilio la wanaoanza. Inapatikana kila mahali, inakatwa kwa msumeno wa kawaida, na yenyewe hukaza fremu isiyumbe, kazi ambayo bati jembamba haliifanyi vizuri hivyo. Ile yenye mifereji ya wima, inayouzwa mahususi kwa kuta za nje, huonekana kama mbao zilizopangwa na haihitaji kitu kingine juu yake. Adui yake ni maji yanayoingia kwenye kingo. Ukingo uliokatwa hunyonya kama utambi. Maji yakiganda ndani hutanuka, na baada ya misimu michache tabaka huanza kuachana, kwanza upande wa chini. Dawa yake si ghali: kila ukingo upakwe rangi mara mbili kabla ya karatasi kupigiliwa, si baada. Anayepaka rangi kibanda kikiwa kimeshasimama hawezi tena kuifikia sehemu iliyo hatarini zaidi. Karatasi za vipande vya mbao vilivyogandamizwa ni rahisi zaidi kwa bei, ila kingo zake huvimba haraka zaidi, na kwa matumizi ya ziwani unafuu huo ni wa kujidanganya.

Mabati ni chaguo la aliyekwisha kuvika kibanda cha kwanza kwa plaiwudi na kuchoka kukipaka rangi. Namba ya geji husomwa kinyume, kama ajuavyo kila aliyewahi kuezeka nyumba: ikipanda, bati linakuwa jembamba. Mabati ya mabanda ya shambani huko Marekani mara nyingi ni ya geji 29, na hayo yanatosha. Mabaki kutoka kwa wajenzi, au karatasi zenye mikwaruzo, huuzwa kwa bei ya kutupa, na mkwaruzo haumzuii samaki. Alumini ni nyepesi kuliko yote na haishiki kutu, ila hupondeka kwa urahisi, na haifai igusane na mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kwani hulika. Plastiki ya vinaili, inayopendwa sana kwenye nyumba za mitaani, huwa rahisi kuvunjika kama kigae baridi ikizidi. Gogo likiigonga barabarani, hupasuka. Turubai linafaa kwa anayekunja kibanda chake jioni na kurudi nyumbani.

Jinsi ya kufunga ukuta ni muhimu karibu sawa na ukuta wenyewe. Misumari hulegea kwa mtikiso wa trela, kwa hiyo skrubu zenye washa za mpira ndizo zinazofaa kwa bati. Karatasi ya alumini ya mita 2.4 hubadilika urefu kwa milimita tatu hivi kutoka kiangazi hadi baridi kali, na vinaili hubadilika zaidi ya hapo. Ikibanwa kila mahali bila nafasi ya kusogea, hupinda au kung'oa vifungio.

Kisha kuna unyevu wa ndani, ambao wajenzi wengi huusahau. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua huzalisha zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Mvuke huo ukipenya hadi nyuma ya bati baridi, huganda, kisha jua likitoka hudondoka ndani ya ukuta. Foamu ngumu iliyojazwa vizuri kati ya miti ya fremu, na karatasi ya nailoni upande wa ndani, huuzuia. Matundu ya hewa hayazibwi kwa ajili ya kutunza joto, kwa sababu jiko linalokosa hewa hutoa kaboni monoksidi inayoua bila harufu.

Ukingo wa chini wa ukuta uachwe juu ya barafu kwa vidole kadhaa, na kibanda kikalie vipande vya mbao ili kisigandie. Theluji ya kusukumiwa pembeni huziba upepo bila gharama yoyote. Sheria za Minnesota hutaka kibanda kiwe na utambulisho wa mwenyewe unaosomeka kwa nje, na kinachoachwa ziwani usiku kiwe na alama zinazoakisi mwanga kila upande. Bati lililopakwa rangi hushika stika hizo vizuri kuliko plaiwudi iliyochakaa. Vibanda huondolewa ziwani mwezi Machi, kusini mwa jimbo mapema kuliko kaskazini, na ukuta ulioganda kwenye barafu hubaki nyuma vipandevipande mwenyewe akilazimisha kuuvuta.