Video za Nyumbani na Ujifunzaji wa Kihispania kwa Watoto Wadogo: Nafasi ya Msikilizaji

Ikisiri

Makala hii inachunguza dai kwamba mtoto mdogo anaweza kujifunza Kihispania nyumbani kwa kutazama video zinazotumia lugha hiyo pekee. Mifano mingi imetolewa Marekani, ambako video za aina hii zimeenea. Hoja kuu ni kwamba video humpa mtoto lugha ya kusikia lakini haimpi mtu wa kusema naye. Upungufu huo hujidhihirisha zaidi katika vipengele vya sarufi ambavyo maana yake humtegemea msikilizaji, hususan viashiria. Inapendekezwa kwamba video itumiwe kama chanzo cha mazungumzo baina ya mtoto na mtu mzima, wala isichukuliwe kuwa badala ya mazungumzo hayo.

1.0 Utangulizi

Kihispania ni lugha ya pili kwa wingi wa wazungumzaji nchini Marekani. Watu zaidi ya milioni 40 wenye umri wa miaka 5 na kuendelea hukizungumza nyumbani. Pamoja na wingi huo, katika familia nyingi za wahamiaji lugha hii haivuki kizazi cha tatu: babu na bibi huzungumza Kihispania, wazazi huzungumza lugha zote mbili, na wajukuu hubaki na Kiingereza peke yake. Fillmore (1991) alikwisha kuonyesha kwamba hasara hiyo si ya lugha tu. Mzazi asiyeweza kuzungumza na mwanawe kwa kina hupoteza pia uwezo wa kumwelekeza, kumwonya na kumrithisha maadili ya ukoo.

Nyumba zinazotumia video za Kihispania kwa watoto ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni ya wazazi wasiojua Kihispania ambao wangependa watoto wao wakijue mapema. Aina ya pili ni ya wazazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini ambao Kihispania chao kimeanza kufifia, nao wanatumaini kwamba video itashika mahali walipopungukiwa wao. Nyumba zote mbili huongozwa na dhana moja, nayo ni kwamba mtoto akizungukwa na sauti za lugha kwa muda wa kutosha, lugha itamwingia yenyewe. Ni dhana hiyo inayohitaji kuchunguzwa.

2.0 Dhana ya Uzamishaji

Istilahi ya uzamishaji haikuanzia kwenye video. Katika historia ya ufundishaji lugha, ilienea kutokana na jaribio la St. Lambert, Kanada, lililoanza mwaka 1965, ambapo watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walisomeshwa kwa Kifaransa tangu darasa la awali. Mwaka 1971 mpango kama huo ulianzishwa kwa Kihispania huko Culver City, California.

Katika madarasa ya aina hiyo, mwalimu hutumia lugha lengwa, na mwanzoni mtoto huruhusiwa kujibu kwa lugha yake. Mwalimu huielewa kauli ya mtoto na kumjibu kwa lugha lengwa, akiirudia, akiipanua au akiirahisisha kwa kadiri ya haja. Kwa hiyo, kuzamishwa huko hakukuwa kusikia tu. Kulikuwa ni kusikilizwa pia.

Maana hiyo ilibadilika istilahi ilipohamia kwenye biashara ya video. Mfululizo wa katuni wa Muzzy, uliotolewa na BBC mwaka 1986 kwa ajili ya kufundisha Kiingereza, ulitafsiriwa baadaye katika lugha kadhaa, Kihispania kikiwamo, na kuuzwa kwa familia. Tangu hapo, hadi zama hizi za intaneti, neno uzamishaji limekuwa likitumiwa kwa video yoyote isiyokuwa na tafsiri. Kilichobaki katika maana ya neno ni lugha lengwa, na kilichotoweka ni mwalimu anayejibu.

3.0 Ushahidi wa Utafiti

3.1 Sauti

Utafiti unaorejelewa sana ni ule wa Kuhl, Tsao na Liu (2003). Watoto wa Kimarekani wa umri wa takriban miezi tisa walisikilizishwa Kichina cha Mandarin katika vipindi 12 vya takriban dakika 25 kila kimoja. Kundi moja lilikaa na wazungumzaji wenyewe, ambao waliwasomea vitabu na kucheza nao. Makundi mengine yalipewa wazungumzaji hao hao na habari hizo hizo kwa njia ya video au ya sauti peke yake. Watoto waliokaa na wazungumzaji waliweza kutofautisha sauti za Mandarin zisizokuwamo katika Kiingereza. Waliopata video au sauti tu hawakuonyesha dalili ya kujifunza.

Conboy na Kuhl (2011) walitumia utaratibu wa vipindi vya ana kwa ana kwa Kihispania, na walipata ushahidi kwamba watoto wa familia za Kiingereza walianza kutambua sauti na maneno ya lugha hiyo. Uchunguzi uliofuata (Conboy na wenzake, 2015) uliongeza jambo la maana: mtoto aliyekuwa akihamisha macho mara kwa mara baina ya mwalimu na kitu alichokishika mwalimu ndiye aliyeonyesha dalili kubwa zaidi za kujifunza sauti za Kihispania.

3.2 Msamiati

DeLoache na wenzake (2010) walichunguza video iliyouzwa kwa ajili ya kuwafundisha maneno watoto wa miezi 12 hadi 18. Baada ya wiki nne, watoto walioitazama hawakuwazidi wale ambao hawakuitazama kabisa. Waliofaulu zaidi ni wale ambao wazazi wao walipewa orodha ya maneno hayo na kuwafundisha katika shughuli za kila siku, bila ya video. Aidha, wazazi walioipenda video ndio walioelekea kuamini kwamba watoto wao wamejifunza mengi. Utafiti huu ulihusu lugha ya kwanza, lakini unatoa tahadhari kwa lugha ya pili pia: furaha ya mzazi si kipimo cha umilisi wa mtoto.

3.3 Tatizo si kioo

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kioo chenyewe ndicho kizuizi. Hata hivyo, Roseberry, Hirsh-Pasek na Golinkoff (2014) walionyesha vinginevyo. Waliwafundisha watoto wa miezi 24 hadi 30 vitenzi vipya kwa njia tatu: ana kwa ana, kwa simu ya video, na kwa video iliyorekodiwa mwalimu alipokuwa akizungumza na mtoto mwingine. Watoto walijifunza kwa njia mbili za kwanza, wakashindwa kwa njia ya tatu. Katika simu ya video na katika video iliyorekodiwa, mtoto alitazama kioo vilevile. Tofauti ni kwamba katika simu ya video mtu aliyeonekana alimjibu yeye, kwa wakati wake na kwa jambo alilolifanya.

4.0 Viashiria na Msikilizaji

Matokeo hayo yanaweza kufafanuliwa kwa kutazama sarufi yenyewe ya Kihispania. Katika maelezo ya kisarufi yaliyozoeleka, viashiria vya Kihispania vina daraja tatu, kama vile vya Kiswahili. Este hulingana na hiki, yaani kitu kilicho karibu na msemaji. Ese hulingana na hicho, yaani kitu kilicho karibu na msikilizaji. Na aquel hulingana na kile, yaani kitu kilicho mbali na wote wawili. Vielezi vya mahali aquí, ahí na allí hukaribiana hivyo hivyo na hapa, hapo na pale. Kiingereza kina daraja mbili tu. Kwa hiyo, mtoto wa Kiingereza anapojifunza Kihispania hana budi kujifunza mgawanyo mpya wa mahali, ambamo msikilizaji ana nafasi yake.

Hapa ndipo video inapokwama. Mhusika wa katuni akisema este huku ameshika mpira, mtoto anaweza kukisia maana kwa kutazama picha. Lakini mhusika huyo hawezi kusema ese kwa maana kamili akimkusudia mtoto, kwa sababu hakioni kitu kilichoko mkononi mwa mtoto. Mtoto aliyekaa sebuleni ameshika kijiko hataambiwa kamwe na video, dame ese, 'nipe hicho'. Atawasikia wahusika wakiambiana hivyo, lakini katika mazungumzo hayo yeye ni mtazamaji wa msemaji na msikilizaji; hakai katika nafasi ya yeyote kati yao.

Hali ni hiyo katika nafsi pia. Kihispania hutofautisha tú na usted, yaani 'wewe' wa mazoea na 'wewe' wa heshima. Uteuzi baina ya viwili hivyo hutegemea uhusiano halisi wa watu, na desturi hutofautiana baina ya nchi na nchi, hata baina ya familia na familia. Video inaweza kuonyesha mfano, lakini haiwezi kumsahihisha mtoto aliyemwita bibi yake tú katika nyumba ambayo bibi hupaswa kuitwa usted.

Baadhi ya watayarishaji wametambua upungufu huu. Katika Dora the Explorer, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2000 kwa Kiingereza kilichochanganywa na maneno ya Kihispania, mhusika humwuliza mtazamaji swali, hunyamaza kidogo, kisha huendelea kana kwamba amejibiwa. Mbinu hii humchangamsha mtoto na humpa nafasi ya kutamka. Hata hivyo, ni mwigo wa mazungumzo, kwani mhusika huendelea vivyo hivyo hata kama mtoto amekaa kimya au amejibu visivyo.

5.0 Manufaa ya Video

Haifai kuhitimisha kwamba video haina faida. Umri ni jambo la kuzingatiwa. d'Ydewalle na Van de Poel (1999) walipata kwamba watoto wa Kiholanzi wa miaka 8 hadi 12 waliweza kuokota baadhi ya maneno ya lugha ya kigeni kutokana na programu ya televisheni yenye maandishi ya tafsiri. Watoto wa umri huo wana lugha ya kwanza iliyokomaa na wanajua kusoma, misingi ambayo mtoto mchanga hana.

Marudio pia yana thamani. Crawley na wenzake (1999) walionyesha kwamba watoto wa miaka 3 hadi 5 waliotazama kipindi kimoja cha Blue's Clues kwa siku tano mfululizo walikielewa zaidi na kukishiriki zaidi. Hivyo basi, kipindi kimoja kilichorudiwa kinaweza kufaa kuliko vipindi vingi vilivyopita mara moja.

Faida nyingine, ambayo aghalabu husahauliwa, ni ile anayoipata mzazi. Mzazi anayezungumza Kiingereza huelekea kuivuta irabu ya mwisho ya neno kama perro, ilhali irabu za Kihispania ni tano na hutamkwa wazi, kama zile za Kiswahili. Huelekea pia kutotofautisha pero, 'lakini', na perro, 'mbwa'. Video humpa kielelezo cha matamshi na kauli fupi za kutumia. Katika hali hiyo, mwanafunzi wa kwanza wa video ni mtu mzima, naye ndiye anayeigeuza kuwa mazungumzo kwa mtoto.

6.0 Matumizi ya Video Nyumbani

Kutokana na maelezo hayo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, mtu mzima akae na mtoto, asimamishe video mara kwa mara na kuuliza au kutaja kilichoonekana. Pili, ichaguliwe video fupi na irudiwe kwa siku kadhaa. Tatu, vitu vilivyotajwa viwepo nyumbani, ili neno cuchara, 'kijiko', litoke kwenye kioo na kufika mezani, ambako este na ese huwa na maana. Nne, palipo na jamaa azungumzaye Kihispania, hata kama yuko nchi nyingine, simu ya video itangulizwe kuliko video iliyorekodiwa.

Kwa nyumba za aina ya pili, pendekezo hili la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Mzazi anayekionea haya Kihispania chake, kwa kudhani kwamba cha kwenye video ni sanifu zaidi, huweza kumnyamazisha bibi aliyeko jikoni na kumweka mtoto mbele ya kioo sebuleni. Akifanya hivyo, amebadilisha msemaji anayejibu kwa msemaji asiyejibu. Nyumba ya aina ya kwanza hutafuta mtu kama bibi huyo kwa malipo, na mara nyingi haimpati.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejadili nafasi ya video katika kuwasaidia watoto wadogo kujifunza Kihispania nyumbani. Imeonyeshwa kwamba katika asili yake uzamishaji ulikuwa na pande mbili, kusikia na kujibiwa, na kwamba video zilizorekodiwa hubeba upande mmoja tu. Aidha, imeonyeshwa kwamba viashiria na nafsi ni mahali ambapo sarufi yenyewe humtaka msikilizaji awepo.

Suala hili linawahusu pia wanafunzi wa isimu ya Kiswahili. Familia za Waswahili waishio Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hukabiliwa na mvutano kama huo kila watoto wanapoanza kuipendelea lugha ya shuleni. Kwa kuwa Kiswahili nacho kina hiki, hicho na kile, uchunguzi wa namna watoto hao wanavyovitumia viashiria hivyo, na hasa hicho, unaweza kuwa kipimo kizuri cha kutofautisha mtoto aliyezungumzishwa na mtoto aliyesikilizishwa tu.